Karibu Iliyoandikwa kwa Mazoea

Mchana kweupe, saa nane, Tryphena alisikia mtu akipiga hodi. Alipofungua mlango hakuona mtu. Vumbi jekundu la Voi pale kizingitini halikuwa na hata unyayo wa kuku. Akarudi kazini, lakini roho haikutulia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri riwaya iliyotokana na filamu: watu wamo ndani ya chombo cha angani, na huko nje, kusikoishi kiumbe, kitu kinagonga. Kitabuni hawakukijibu hata mara moja, ndiyo maana wakapona. Sasa Tryphena, mtoto wa Wundanyi aliyelelewa kwa adabu, akaona kugonga bila neno si Kiswahili. Akaandika, "Hodi!" Mkono, kwa mazoea tu, ukaongeza, "Karibu ndani." Kisha akaisoma kwa sauti asikie kama inatiririka. Jamani, adabu nyingine ni msiba!

Tangu siku ile nyumba ilinuka chuma kilichoungua. Wakio, bintiye wa miaka saba, mtoto wake wa pekee, alisusa uji, akawa anakaa ameupa mlango mgongo.

"Wewe mama," alimuuliza asubuhi moja, "unamtafuta nani humu?"

Tryphena alilia. Alifuta ile karibu. Kesho yake akaikuta imerudi pale pale, basi akamkimbilia jirani yake, Mwalimu Mohammed, anayesomea watu wenye majini.

"Mama Wakio, ulimwalika kwa kinywa chako," mwalimu alinong'ona uani. "Nitapiga hodi. Wewe mwenye nyumba unikaribishe kabla yake, ndipo niingie nimtoe. Akikutangulia kuitika, nyumba ni yake."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa mwenye nyumba."

Tryphena akaingia kwake, akasimama nyuma ya mlango, na ile harufu ya chuma ikamjaa kooni, ikamkausha mate, akawa anajirudiarudia moyoni neno lile moja asilisahau, karibu, karibu, huku akisikia mtoto akishuka kitandani, akija polepole, kwa hatua nzito kuliko miguu yake.

"Hodi wenyewe!"

Alifumbua kinywa, ulimi ukagoma. Nyuma yake, kinywani mwa Wakio, sauti nene ya kiume ikaitika kwa adabu zote:

"Wenyewe tupo, mzee. Tukusaidie nini?"