Kopo Lililozibwa Matundu

Nasma alianza kujuana na Tahiri kwa kumharibia biashara. Ilikuwa asubuhi sokoni Mgandini, watu tele, naye kavaa baibui jipya refu kupita kimo chake. Pindo likanasa kopo la mche, kopo likabiringika, udongo ukamwagika njiani. Mwenye mali, kijana mrefu wa fulana iliyopauka, kucha zimejaa udongo, hakugomba. Aliuokota mche wa asmini, akaikagua mizizi yake, akasema u mzima, ila umeshamzoea dada, kwa hiyo itabidi aende nao nyumbani.

Akaenda nao. Na miezi saba baadaye walikuwa bado wanachekeshana kwenye simu, kwa siri.

Siri ilikuwa ya Nasma. Posa zake mbili zilishavunjika, mtaa mzima wa Mabawa ukamsema mpaka ukachoka wenyewe, na mama yake, Bi Mboni, akaapa hataki kusikia tena habari za wachumba nyumbani kwake. Tahiri alitaka kuleta wazee. Kila akiligusia jambo hilo, Nasma anageuza mazungumzo. Basi wakapatana: asmini ikitoa ua la kwanza, atamwambia mama.

Tahiri akapata kazi ya kitalu huko Amani. Kila jioni akipiga simu, swali lake la kwanza ni lile lile, la asmini.

"Mke mwenzio hajambo?"

"Hajambo. Kanishinda kwa kudeka."

Uongo mtupu. Majani yalikuwa yakigeuka manjano na kupukutika. Nasma akazidisha maji, asubuhi na jioni, na mche ukazidi kusinyaa. Kila akiutazama aliona na posa hii ya tatu inamponyoka. Siku Tahiri alipoomba picha, alikwenda akaipiga picha asmini ya jirani, akaituma.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi: "Nasma, hiyo imepandwa ardhini. Kama hunitaki ungesema tu, si lazima uue mti." Alipopiga, simu haikupatikana.

 Siku ya tatu, alasiri, Bi Mboni akiwa hitimani, hodi ikapigwa. Ni Tahiri, viatu vimeganda tope la Amani. Hakusalimia. Alilifuata kopo barazani, akaling'oa mche na udongo wake wote. Harufu ya uozo ikapanda. Akageuza kopo, akaona matundu ya chini yamezibwa kwa nta ya mshumaa.

"Nani kaziba?"

"Mimi." Nasma akaonyesha sakafuni. "Maji yalikuwa yanachuruzika, yanatia doa sakafu. Mama akigomba, ataulizia kopo nimepewa na nani. Niliogopa."

Tahiri akajikalia chini. Alisema njia nzima alikuwa na hofu ya kukuta Nasma ameuua mche makusudi ili asimwambie mama. Nasma hakuwahi kufikiri kwamba na yeye huogopa.

Kisha Tahiri akamwonyesha. Mizizi nayo inavuta pumzi. Ikikaa ndani ya maji yasiyo pa kutokea, inaoza. Hii myeusi imeshakufa, na hii iliyojizungusha kwenye kopo inajinyonga yenyewe. Akampa kisu.

"Nikikata itakufa, Tahiri."

"Usipokata ndiyo itakufa, mpenzi."

Akakata, machozi yakimtoka, mpaka akafikia mizizi michache, myeupe, migumu. Tahiri akatoboa matundu mengi kwa msumari, wakachanganya udongo na mchanga, wakaupanda upya, wakamwagia maji. Maji yakapita moja kwa moja, yakatambaa barazani na tope lake.

Hapo ndipo Bi Mboni alipoingia. Akamwona kijana, akaiona sakafu yake.

"Shikamoo mama," Tahiri akaruka kusimama.

"Marahaba." Ilitoka kavu. "Nasma, haya maji ya nini?"

 Tambara lilikuwa karibu. Nasma angeweza kufuta, akasema huyu ni muuza miche tu. Na mche wenyewe ulikuwa kijiti, hauna jani, sembuse ua.

"Yaache, mama. Yanatakiwa yatoke," akasema. "Na huyu ni Tahiri. Ijumaa wazee wake wanakuja kuniposa."

 Bi Mboni akainua baibui lake, akayavuka yale maji, akaketi kwenye mkeka.

"Wako wangapi?" akauliza.