Bantamu wa Selestini

Ndugu zangu wa Misunkumilo, na nyie wa Makanyagio mnaotupita kila asubuhi mkienda mashambani, nyumba ninayoisema mliijua. Ilikuwa ya Selestini, fundi seremala, na mkewe Bibiana, mwenyeji wa Kasansa. Mwaka 1994 ilikuwa raha kuitazama. Randa inalia uani, Bibiana anawamwagia pumba kuku wake wa kienyeji, na binti yao Pudensiana, wa miaka miwili, anawakimbiza huku anacheka. Kuku akitaga, mtoto anakula yai. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kusimulia.

Ndipo mtaalamu mmoja wa mradi wa visima akamaliza mkataba wake. Alipokuwa anafunga mizigo, alimzawadia Selestini kuku watatu aliokuwa anawafuga, jogoo na mitetea miwili. Walikuwa bantamu, kuku wadogo wa kuenea kwenye kofia.

"Angalia miguu," mtaalamu alimwambia. "Iwe mifupi mpaka tumbo liguse majani. Mkia usimame wima, upite kichwa. Upanga wa kichwani uwe mkubwa, mwekundu. Ukiwachanganya na wa kienyeji, mbegu imekwisha."

Selestini aliyashika maneno hayo kuliko katekisimu. Wiki ile ile aliwaondoa kuku wote wa Bibiana, wengine akauza, wengine akagawa. Akajenga banda kwa mbao za mninga ambazo mteja alizileta achongewe kitanda. Kila yai aliliandikia tarehe kwa penseli yake ya useremala, akaliweka chini ya mtetea. Halikuliwa hata moja.

Na kweli, jamani, alikuwa na jicho. Watu walimletea kuku kwenye matenga ya baiskeli, wamesikia kuwa anajua kumtenga bantamu halisi na chotara. Anamgeuza kuku, anapuliza manyoya aone ngozi, anapima mguu kwa kidole. "Huyu babu yake alikuwa wa kienyeji," anasema, na mwenye kuku anaondoka kichwa chini. Katika useremala hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Utamu ule ukamwingia. Meza za watu zikabaki bila miguu, na mboga ya nyumbani ikawa kisamvu, leo kisamvu, kesho kisamvu.

Jambo moja tu lilimnyima usingizi. Kila mayai yalipoanguliwa, vifaranga viwili vitatu vilitoka na miguu mirefu. Vingine vilifia ndani ya yai.

"Umemwachia jogoo wa jirani akaingia," alimwambia mkewe.

"Baba Pude, ufunguo wa banda si unao wewe?"

"Basi hawa wametoka wapi?"

Bibiana aliviinamia vifaranga. "Nipe hao wenye miguu mirefu," alisema, "nimfugie mtoto."

"Watu wakiwaona hapa watasema mbegu yangu imechafuka."

Akavitupa chooni vikiwa hai. Bibiana alisimama nje mpaka vilipoacha kulia.

Mwanzoni mwa 1995 Bibiana alijifungua mtoto wa kiume. Pudensiana alikuwa ameshaachishwa ziwa, anakula ugali wa muhogo na kisamvu kama watu wazima. Kliniki, muuguzi Dafrosa alimpima, akaitazama kadi.

"Mama, huyu apewe yai, maharage, dagaa. Nyumbani hamna kuku?"

"Wapo," Bibiana alisema, na aibu ikamshika. "Lakini si wa kula."

Jioni alimweleza mumewe. Selestini alikuwa amechuchumaa bandani, hakugeuka.

"Yale mayai ni mbegu, Mama Pude."

"Na huyu mtoto? Huyu ni mbegu ya nani?"

Siku moja Bibiana alichukua yai akamchemshia mtoto. Selestini alihesabu, akakuta limepungua, na Bibiana alilala na jicho lililovimba. Hakuthubutu tena.

Kiangazi kilipofika mashavu ya Pudensiana yalijaa, na miguu ikajaa. "Si unaona?" Selestini aliwaambia majirani. "Mtoto ananenepa." Tulimwona sote. Tuliitikia.

Mwezi wa saba alikuja Agustino, bwana mifugo, kuchagua kuku wa kupeleka kwenye maonyesho ya wakulima. Aliwashika bantamu mmoja mmoja, akasifu. Selestini akaona ajieleze mapema.

"Wengine hutoka miguu mirefu, bwana mifugo. Nawatupa. Mke wangu ni mzembe wa kulinda."

Agustino alimtazama. "Kuku hawa ndivyo walivyo. Hata baba na mama wawe safi, lazima wengine watoke na miguu mirefu, na wengine wafie kwenye yai. Ni damu yao. Mkeo hana kosa lolote."

Mara Agustino alimwona Pudensiana ameketi kando ya banda. Nzi walitua usoni pake na yeye hakuwafukuza. Bwana mifugo alichuchumaa, akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Pakabaki shimo.

"Selestini, nywele za huyu mtoto zimekuwa nyekundu tangu lini?"

Mtu huyu alikuwa anajua kila kuku wake alianguliwa tarehe ngapi. Hili hakulijua.

Walimbeba kwa baiskeli ya Agustino hadi hospitali. Daktari alisema ni unyafuzi, na umekaa muda mrefu. Siku ya nne, alfajiri, Pudensiana alifia mapajani mwa mama yake.

Msibani Selestini aliwachinja bantamu wote, akasema waliwe na waombolezaji. Nyama haikutosha hata sufuria moja. Bibiana alipoletewa bakuli, aliliweka chini bila kulitazama. Arobaini ilipoisha alimfunga mwanawe mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Selestini aliuliza.

"Kasansa. Huyu nampeleka kwa watu watakaomwona."

Hakurudi. Selestini bado yupo. Mtu akimletea kuku amtambulie, anasema hajui, na anaingia ndani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto akivimba miguu na nywele zikageuka rangi, huo si unene, ni njaa ya chakula cha kujenga mwili. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Yai alilokula mtoto halikupotea. Na wewe baba unayesifiwa na mtaa mzima kwa ujuzi wako, ujuzi huo uanze kwa waliolala ndani ya nyumba yako, na usimpige mkeo kwa jambo usilolijua.

Nasi majirani tusijitoe. Selestini alisema mtoto ananenepa, na sisi, wenye macho, tukaitikia. Yule mtoto hakuzikwa na kosa la baba yake peke yake.