Feni ya Seva Iliyong'olewa

Jumatatu saa nane mchana, fundi mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, aliunganisha programu ya ufuatiliaji na seva tatu zilizobeba foleni za ujumbe, yaani maagizo yanayosubiri kushughulikiwa, za kampuni ya kusafirisha vifurushi. Maagizo ya wateja yalikuwa yakipotea, na bosi alimpa hadi jioni amtaje mwizi au afungashe virago.

Programu ilimwonyesha aliyekuwa akiyachukua maagizo hayo: seva kuukuu, ambayo shemeji yake, mwenzake wa zamu, aliing'oa mwezi uliopita.

"Shemeji, umeirudisha lini?"

"Niirudishe wapi? Iko sakafuni, haijachomekwa popote. Usinibambikie kesi, dada yako ananitosha kwa kesi."

Fundi hakulimeza jibu hilo. Aliingia naye kwenye chumba cha seva, kisicho na dirisha, akashusha swichi kuu. Taa ikazima. Feni zikapunguza mvumo, moja baada ya nyingine, zikanyamaza.

Moja haikunyamaza.

"Hiyo ni ipi?" fundi alinong'ona.

Shemeji aliwasha tochi ya simu, akamulika chini. Waya wa umeme wa seva kuukuu ulikuwa juu yake, umeviringwa na kufungwa kwa utepe, kama alivyouacha. Feni yake ilikuwa ikizunguka.