Taa Inawaka, Maji Yamesimama

Nyumba ya Nereida Cruzado, hapa kwetu mjini Añasco, ina sauti zake. Friji inanguruma. Feni ya sebuleni inalia kama imechoka. Na tangi la samaki wa maji ya chumvi linatiririka mchana na usiku. Nereida amezizoea sauti hizo hata hazisikii tena. Akiamka anachemsha kahawa, anamwita mumewe Efraín, anafagia baraza, kisha anasimama mbele ya tangi. Samaki ni wawili tu. Wana rangi ya machungwa na milia myeupe, na wameishi pamoja miaka kumi na mmoja.

Samaki hao si wake. Ni wa binti yake Yarelis, aliyehamia Orlando kutafuta kazi. Hakuweza kupanda nao ndege, kwa hiyo alimwachia mama yake na kumwomba ahadi moja: wasife kwa uzembe. Nereida aliahidi. Tangu siku hiyo hana raha. Akiwa kanisani anawaza tangi. Akienda sokoni anarudi mbio. Efraín humtania kwamba yeye akiugua hatatunzwa hivyo.

Kwetu umeme hukatika mara kwa mara, na kila nyumba ina mazoea yake. Umeme ukikatika tunachomoa kila kitu ukutani, maana ukirudi huja kwa kishindo na kuunguza vyombo. Ukisharudi na kutulia, tunachomeka tena kimoja kimoja. Hata mtoto wa miaka sita anajua.

Jumanne moja, saa nane mchana, umeme ulikatika. Nereida alichomoa kila kitu. Baada ya dakika arobaini ukarudi. Akachomeka friji, akachomeka feni, na mwisho akachomeka tangi. Taa ya tangi ikawaka na maji yakang'aa. Nereida akaridhika, akaenda nyuma ya nyumba kuchuma mbaazi.

Aliporudi ndani, saa kumi, alihisi kuna jambo. Feni ilikuwa inalia, lakini mtiririko wa maji haukusikika. Sakafu ilikuwa imelowa mbele ya kabati la tangi. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, midomo kwenye uso wa maji, wakihema haraka haraka.

"Efraín, njoo hapa. Njoo sasa hivi."

Efraín alitoka barazani na kete moja ya domino bado mkononi. Aliona sakafu, akasema tangi limepasuka. Akapiga magoti, akapapasa kioo chote, asipate ufa. Lakini maji ya tangi yalikuwa yameshuka upana wa vidole vitatu. Akachomoa waya wa pampu ya kuzungusha maji, iliyo kabatini chini ya tangi, akachomeka, akachomoa, akachomeka. Pampu iliguna tu. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Ikaguna vilevile. Basi akachukua ndoo, akaenda kuijaza kwenye bomba la jikoni.

Nereida alishika simu ampigie Yarelis. Akaiweka chini. Akaishika tena. Kisha akaiacha mezani na kuvuka barabara kwa haraka kwenda kwa jirani yao Doña Zoraida; Doña ni kama kusema Bibi, kwa heshima.

Doña Zoraida Matías alitunza matangi ya maji ya bahari kwa miaka kumi na saba, kwenye maabara ya samaki huko Lajas. Sasa amestaafu, na anatengeneza pampu za maji za mtaa mzima. Alikuja na ndara miguuni na kisanduku cha vifaa kwapani. Alimkuta Efraín ameinua ndoo juu ya tangi.

"Weka ndoo chini, Efraín."

"Maji yamepungua, Doña."

"Hayakupungua. Yamehama. Na hayo ya bomba yana dawa, tena hayana chumvi. Yamwage humo, halafu kesho nije na maua ya mazishi."

Efraín aliweka ndoo chini polepole. Doña Zoraida alimpa jagi safi. Akamwambia achote maji ya tangi lenyewe bila kutia vidole majini, ainue jagi kidogo, ayamwage tena humo humo, na asiache mpaka aambiwe. Efraín aliuliza ni kwa muda gani. Doña akamjibu kwamba mikono iliyozoea kete za domino itapata kazi leo. Kisha akaeleza. Samaki naye anahitaji hewa. Pampu inapotikisa maji, hewa huingia ndani yake. Maji yakisimama, hewa hupungua, na samaki hukimbilia juu kuitafuta.

Nereida hakuweza kutulia mahali pamoja. Alikunja mkono wa blauzi, akafungua kabati, akanyoosha mkono ili aitoe pampu majini. Doña Zoraida akaushika mkono huo kabla haujafika majini.

"Waya uko wapi?"

Waya ulikuwa bado ukutani. Doña Zoraida alikasirika kweli. Alisema maji ya chumvi hupitisha umeme upesi, na mtu hatii mkono majini kabla ya kuchomoa kila kitu cha tangi. Akachomoa pampu na taa. Akaonyesha pia jinsi waya ulivyokuwa umenyooka kutoka tangini hadi kwenye soketi. Akaupanga upya, ukichomekwa uning'inie chini ya soketi, ili tone likitiririka kwenye waya lidondoke sakafuni, lisiingie ukutani.

Kisha akaanza kutafuta ugonjwa, hatua kwa hatua. Kwanza aliichomeka feni kwenye soketi ile ile. Ikazunguka. Basi umeme ulikuwa unafika. Pili aliuliza kama pampu ilikuwa inaguna. Efraín, jagi mkononi, akasema ilikuwa inaguna kama mama mkwe wake. Basi mota ilikuwa hai. Kama mota ni hai na maji hayaendi, kuna kitu kimeikaba.

Aliitoa pampu na kufungua kifuniko chake cha mbele. Ndani mlikuwa na propela ndogo yenye sumaku. Ilikuwa imefunikwa na chokaa nyeupe, ngumu kama ganda la yai. Ilikuwa haizunguki hata kwa kidole.

"Hii ilikuwa inazunguka kwa mazoea tu," alisema. "Maadamu haijasimama, inaendelea. Kila ikisimama, kuanza tena kunakuwa kugumu zaidi, na leo imeshindwa. Umeme haukuiua, mwanangu. Iliugua siku nyingi."

"Lakini taa iliwaka," Nereida alisema. "Niliona taa, nikajua kila kitu kimewaka."

"Taa ina waya wake na pampu ina waya wake. Usiangalie taa. Angalia maji."

Doña Zoraida alitaka siki. Akaichanganya na maji, nusu kwa nusu, akaloweka propela na kifuniko. Alikataza sabuni na dawa ya kufulia, maana hata kidogo kikibaki kinaua samaki. Akasema wasubiri nusu saa. Nereida alienda mlangoni, akarudi. Akaenda dirishani, akarudi. Aliuliza mara mbili kama muda umetimia. Mwishowe Doña akampa bakuli la mbaazi, azimenye.

Wakati huo aliwaeleza kuhusu sakafu. Pampu iko kwenye tangi la chini, ndani ya kabati, nayo hupandisha maji kwa bomba. Pampu ikisimama, maji ya juu hurudi chini kwa bomba lile lile, na tangi la chini likiwa limejazwa mno, kama safari hii, hufurika kabatini na maji hupenya nje polepole. Alitoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji ya juu. Maji yakishuka mpaka hapo, bomba litavuta hewa, na maji yataacha kurudi. Tundu hilo lisafishwe, lisizibe. Akabandika pia utepe kwenye tangi la chini, na kusema wasijaze maji kupita hapo.

Nusu saa ilipotimia, chokaa ilikuwa imelainika. Doña aliisugua kwa mswaki mpya, akahakikisha propela haina ufa, akaisuuza vizuri. Hakuiwasha pampu ikiwa kavu. Aliijaribu kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo ya tangi. Ikazunguka. Ndipo akairudisha mahali pake.

Maji yalianza kutiririka. Samaki mdogo alishuka mara moja. Yule mkubwa alibaki juu, akihema. Nereida alisimama mbele yake na mbaazi zikamtoka mkononi, asizione. Zilipita dakika ishirini. Kisha samaki akageuka, akashuka polepole, akaingia kwenye kona yake. Nereida akaketi sakafuni palepale kwenye maji. Efraín aliuliza kama sasa anaweza kuacha jagi.

Jioni ile ile Nereida alimsimulia Yarelis yote, bila kuficha.

Wiki iliyofuata nyumba ile ilibadilika. Walinunua pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Waliifunga juu kuliko tangi, maji yasiirudie kwa mpira wake wa kupitisha hewa. Walinunua pampu ya akiba na kuijaribu kabla ya kuiweka kabatini. Walitayarisha ndoo ya maji ya chumvi, yenye mfuniko. Waliweka chupa mbili za maji kwenye sehemu ya barafu ya friji, zilizofungwa vizuri, za kuelea tangini maji yakipata joto sana. Kila baada ya miezi miwili pampu huoshwa kwa siki. Efraín husema kuna wachezaji wa domino wasiooga mara nyingi kama pampu hiyo. Nereida aliandika yote kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe, akaibandika ubavuni mwa kabati.

Mwezi Septemba, Nereida alikuwa ameenda na dada yake hospitalini, mji wa Mayagüez, kumwona mgonjwa. Umeme ukakatika huko na Añasco pia. Simu haikupita. Njiani kurudi alimsihi dada yake aongeze mwendo, na dada yake akamwambia samaki hawajui kama yeye yuko barabarani.

Alipoingia ndani, saa tano zilikuwa zimepita tangu umeme ukatike. Efraín alikuwa kwenye kiti, mbele ya tangi. Pampu ya betri ilikuwa inatoa viputo. Chupa moja ya barafu ilikuwa inaelea. Sakafu ilikuwa kavu. Samaki walikuwa chini, wanaogelea bila haraka.

Akiwa bado amesimama mlangoni, mtaa mzima ukapiga kelele: umeme umerudi. Efraín hakupiga kelele. Alisubiri dakika chache, umeme utulie. Akachomeka pampu ya tangi kwanza, kabla ya friji. Taa ya tangi alikuwa hajaichomeka. Aliinama, jicho lake usawa wa maji, akangoja. Uso wa maji ukaanza kukunjamana. Ndipo akanyooka.

"Umewalisha?" Nereida aliuliza.

"Karatasi inakataza. Inasema chakula kinachafua maji na kumaliza hewa yao." Akajishika tumbo. "Mimi pia sijala tangu asubuhi, ila karatasi yako haisemi chochote kunihusu."

Nereida alivua viatu, akaenda jikoni kumpashia wali.