Kipande Alichokikata kwa Macho

Stendi ya Mikumi ilikuwa imechangamka, malori yakinguruma na wauza vitunguu wakigombania madirisha ya mabasi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Vaileth, gauni la kitenge cha njano, hedifoni kichwani, akirekodi kelele za barabara kwa makala ya redio ya Kilosa alikofanya kazi. Kijana mrefu mwenye shati la drafti akamsogelea kumuuliza anasikiliza nini, akaharibu rekodi yote.

Aliitwa Zabron. Kazi yake ilikuwa kutia moto, moshi na mafuriko kwenye filamu kwa kompyuta, katika chumba nyuma ya gesti ya shangazi yake. Alikuwa na kigugumizi kizito, lakini Vaileth hakuwahi kummalizia neno. Alimsubiri. Kwa hilo tu Zabron alimpenda.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni. Zabron alimtania kwamba redio ni filamu ya watu waliofumba macho.

"Wewe kazi yako kudanganya macho," Vaileth alimjibu. "Sikio halidanganyiki, mpenzi."

Vaileth akaamua kutengeneza makala kumhusu Zabron. Mvua ilikuwa imekata barabara, hivyo Zabron akajirekodi kwa simu, akamtumia. Makala ilitakiwa hewani jioni ileile na mhariri alikuwa amemkalia Vaileth kooni. Basi akaitazama sauti kwenye kompyuta: kila mawimbi yalipokatikakatika alijua ni kigugumizi, akafuta bila kusikiliza. Hakutaka watu wamcheke mpenzi wake. Mwishoni palikuwa na kipande kirefu cha namna hiyo, nacho akakifuta.

Jioni Zabron akasikika akitiririka kama mtangazaji. Vaileth alingoja pongezi, hazikuja. Alipompigia, Zabron alisema kwa mkato kwamba amesikia na amemwelewa. Vaileth akaona hana shukrani, akanuna. Wakanuniana hadi wakapoteana.

Mwaka uliofuata wasikilizaji wakaomba makala irudiwe. Vaileth akafungua rekodi ya mwanzo, safari hii akaisikiliza yote. Mwishoni Zabron alihangaika, akavuta pumzi, akaanza upya.

"Vai, na-na-nataka ku-kukuoa. U-ukikubali, kiache hiki kipande, wasikie wote. Ukikataa, ki-kikate. Nitaelewa."

Akampigia palepale.

"Zabron, sikukisikiliza kile kipande. Wallahi ningekiacha."

Neno la kwanza likamkwama Zabron. Vaileth akasubiri, kama zamani.

"Nime-me-meshachumbia, Vai. Mahari imeshapelekwa. Ni wewe tu uliyekuwa una-unanisubiri nimalize."

Vaileth alilia bila kukata simu, na Zabron naye hakukata.

Makala ikarudi hewani na kigugumizi chote, kila neno kwa mwendo wake. Kile kipande cha mwisho Vaileth alikisikiliza tena hadi mwisho, akakikata, kwa sababu sasa kulikuwa na msichana mwingine ambaye angekisikia.