Pumzi Chini ya Kitanda cha Chiriku

"Baba, mbona jana mchana ulikuwa unapumua chini ya kitanda changu?"

Swali hilo liliulizwa mezani asubuhi, na mtoto wa miaka sita aliyejaza mkate mdomoni. Mama alicheka, akamwambia atafune kwanza. Baba alikuwa anamimina chai; akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, chai ikatiririka mezani, ikamwunguza mkono, naye asiuondoe. Jana mchana hakuwepo nyumbani. Alikuwa kituoni, zamu nzima.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alizungumza na mswaki wake, alizungumza na kuku wa jirani, na akikosa wa kuzungumza naye aliugombeza mlango. Baba yake alikuwa zimamoto wa manispaa. Cheo chake Koplo, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, hata mkewe akichukia: "Koplo, viatu vyako hivyo vinanuka moshi, viishie nje!"

Chai ile ilimwagika kwa sababu ya jambo lililotokea wiki chache nyuma, kwenye jengo moja la ghorofa.

Moto ulishika jiko la nyumba ya ghorofa ya pili, wakati wa mchana, watu wengi wakiwa kazini. Zimamoto walipofika walimkuta chini shangazi mmoja, pekupeku, nywele zimeungua upande, anapiga kelele kuwa mtoto wa kaka yake yumo chumbani, kalazwa. Akawatajia jina la mtoto. Koplo akaingia kwa kutambaa, na mwenzake aliyeitwa Bonge akamfuata nyuma, kamshika kiatu ili wasipoteane.

Ndani ya moshi jicho halina kazi. Mkono mmoja unaufuata ukuta, mwingine unapapasa sakafu. Masikio nayo yamejaa pumzi yako mwenyewe, maana hewa ya mtungi ikiingia kwenye barakoa inalia *hsss*, na ikitoka inagonga *tak*. Kwa hiyo zimamoto hufundishwa hivi: ukifika mlangoni mwa chumba, ita, halafu bana pumzi, usikilize. Koplo aliita jina la mtoto. Akabana pumzi. Kimya. Akaita tena, akabana tena. Kimya. Akapapasa kitanda juu na chini, akasema redioni, "Chumba kitupu," wakasonga mbele.

Walimkuta baadaye, moto umeshazimwa, naye ameshakufa. Alikuwa kwenye kabati la chumba kile kile, nyuma ya masanduku, karibu kabisa na pale mlangoni Koplo alipopiga magoti. Mikono yote miwili ilikuwa mdomoni mwake. Na yeye alikuwa amebana pumzi.

"Lakini alikuwa anasikia," Koplo alimwambia shangazi pale chini, barakoa ikining'inia shingoni. "Nilimwita kwa jina. Kwa nini hakuitika?"

Shangazi alimtazama usoni, akaitazama barakoa, na kitu fulani kikamfunukia.

"Alikuwa mbishi kulala mchana," alisema. "Nilikuwa namwambia, ukisikia kitu kinapumua mlangoni, hilo ni jini. Litakuita jina lako kwa sauti ya mtu. Usiitike. Jifiche, bana pumzi, mpaka liondoke."

Bonge, ambaye aliweza kutania hata msibani, alivua kofia yake akaenda kusimama nyuma ya gari.

Lakini tusimbebeshe shangazi peke yake. Zamani kikosi kilikuwa na utaratibu wa kuzunguka mashuleni. Zimamoto alisimama mbele ya watoto akavaa vifaa kimoja kimoja, buti, koti, mtungi, barakoa mwisho, akapumua *hsss, tak* mpaka wadogo wakaanza kulia, halafu akaivua: "Mnaniona? Si ni mimi yule yule?" Watoto wakaja kuigusa. Koplo ndiye alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kisha wakubwa wakaifuta. Sababu? Gari lilihitajika kumwagilia viwanja vya sherehe, vumbi lisichafue viatu vya wageni. Sababu hiyo ilisemwa kikaoni na mtu mzima, mbele ya watu wazima wenzake, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumwuliza kama anakisikia anachosema. Kwa hiyo mtoto wa ghorofani hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote ndani ya barakoa ile mna nini. Aliambiwa na shangazi tu.

Na sasa kitu kilikuwa kinapumua nyumbani kwa Koplo.

Mwanzo ilikuwa harufu. Jivu lililoloweshwa maji lina harufu yake, nzito, chungu, na mke wa Koplo aliijua kama anavyojua jasho la mumewe. Lakini sasa aliikuta kwenye mashuka ya Chiriku yaliyotoka kuanikwa juani. Kisha ikawa sauti. Alikuwa ameinama kwenye cherehani yake mchana mmoja, Koplo yuko kazini, akasikia *hsss* kutoka chumbani kwa mtoto. Akaondoa mguu kwenye cherehani. *Tak.*

"Baba Chiriku, kuna kitu humu ndani," alimnong'oneza mumewe aliporudi.

"Panya."

"Panya anavuta hewa ya mtungi?"

Koplo alivua viatu, akaingia chumbani kwa ncha za vidole, akapiga magoti kando ya kitanda, na kabla hajainua shuka akafanya kama alivyofundishwa, akabana pumzi asikilize, na chini ya kitanda nako pumzi ikabanwa, ikabanwa kwa muda ule ule, kwa ukimya ule ule, mpaka kifua chake kikaanza kuuma na macho kutoa machozi na akashindwa, akaiachia, na kule chini, kwa kuchelewa kidogo tu kama mtu anayejifunza, kikaachia nacho. Aliinua shuka. Hapakuwa na kitu. Sakafu ilikuwa na unyevu.

Halafu kikaanza kuita.

Kilimwita Chiriku kwa sauti ya baba yake, lakini sauti iliyozibwa, kama inayotoka nyuma ya kioo. "Chiriku." Basi. Hakikuongeza neno. Mara ya kwanza alikimbilia mlango wa mbele kumpokea baba, akakuta umefungwa. Mara ya pili alisimama katikati ya sebule, hajui aelekee wapi. Baadaye akaacha kuitika kabisa. Akaacha na kusema. Mswaki haukusalimiwa, kuku wa jirani hawakuulizwa habari zao, na Koplo aliporudi kutoka zamu akaita mlangoni, "Chiriku wangu!" alisikia miguu midogo ikikimbia, na ilikuwa inakimbia kwenda mbali naye.

Walimkuta ndani ya tenga la nguo chafu, mikono mdomoni.

Koplo aliketi chini pale pale mlangoni. "Mama Chiriku," alisema, "naye ameshaanza kubana pumzi."

Ndipo wakamwita mtabibu wa mambo ya majini, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeingia bila mbwembwe, akavua ndala, akalala chali kwenye sakafu ya chumba cha mtoto muda mrefu kama fundi chini ya gari. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umepauka.

"Hili halikutumwa na adui," alisema kwa sauti ya chini. "Liliitwa. Kila mchana mtoto wa watu aliambiwa lipo, linapumua, linaita. Likaja. Lakini lilikuwa halina umbo. Wewe ulipopiga magoti mlangoni ukapumua, ukaita, ulilipa umbo, baba. Ulipotoka, lilitoka na wewe."

"Nilikwenda kumwokoa."

"Najua."

"Nilimwita kwa jina lake, mama. Nilimwita vizuri."

"Najua, mwanangu. Hukukosea kitu."

Dawa yake ilikuwa nyepesi kusema. Mtoto amwone baba yake akivaa vifaa kwa macho yake, kipande kwa kipande, kisha avue, na mtoto mwenyewe, bila kushikwa mkono, amwite baba. Akishamwita, lile jingine litabaki halina pa kujificha. Ilikuwa kazi ile ile ya mashuleni, iliyofutwa kwa ajili ya viatu vya wageni.

Wakafanya hivyo uani, jua likiwa bado kali. Koplo alivaa buti. Akavaa koti, akabeba mtungi. Chiriku alichungulia kutoka nyuma ya gauni la mama yake. Akavaa barakoa, *hsss, tak*, mtoto akafumba macho. Akaivua haraka, akatabasamu na alama nyekundu zimemzunguka uso. "Unaniona? Si mimi yule yule?"

Chiriku alifumbua macho. Akaachia gauni la mama. Akapiga hatua, midomo imeshajikunja kusema neno.

"Chiriku," sauti ya baba yake iliita kutoka ndani ya nyumba.

Mtoto aligeuka, akamtazama baba aliye mbele yake, akautazama mlango, na uso wake ukavunjika. Akafanya alichozoea kufanya akiogopa: akakimbia kwenda kujificha. Akajificha chini ya kitanda chake.

Moshi ulianza kutoka dirishani kabla mama hajamaliza kupiga yowe. Wachunguzi baadaye waliandika kuwa chanzo ni hitilafu ya umeme. Umeme haukuwepo mtaa mzima tangu asubuhi.

Koplo aliishika barakoa. Kila zimamoto anajua kuwa moshi wa godoro unaua kwa pumzi chache. Aliiangalia, akajua pia kuwa akiivaa mtoto hatatoka, hata aitwe mpaka kesho. Akaitupa chini, akaingia na uso wake.

Mkewe na mtabibu walisikia yote kupitia dirishani. Walisikia sauti mbili za mtu mmoja. Moja iliita, "Chiriku. Chiriku," safi, bila kikohozi, bila haraka. Nyingine haikuita jina hata mara moja. Nyingine ilikuwa inapiga soga.

"Nimekwambia ile ya Mjomba Bonge na paka?" ilisema, ikikohoa. "Mjomba Bonge kapanda kumwokoa paka. Kafika dirishani kakwama, kichwa ndani, matako nje. Paka..." kikohozi kirefu, "paka akamwangalia, akasema huyu naye... akapita juu ya mgongo wake, akashuka zake. Ikabidi mwenye paka..."

"Chiriku," ilisema ile sauti safi.

"...mwenye paka atupigie simu, njooni mumwokoe zimamoto wenu..."

Na ndani ya moshi ule, dhaifu, kikatoka kicheko cha mtoto.

Jini halikuwa na hadithi. Lilikuwa na jina na pumzi tu, vile lilivyopewa. Koplo alikifuata kicheko, akamshika mtoto mguu, akamvuta, akafungua nondo za dirisha alizoziwekea bawaba kwa mikono yake mwenyewe, akampitisha kwa mama yake. Mikono yake ilibaki nje ya dirisha kitambo. Kisha ikarudi ndani.

Gari lilichelewa. Lilikuwa kiwanjani, linamwagilia. Lilifika na maji nusu, na Bonge ndiye aliyeruka kabla halijasimama, ndiye aliyemtoa, ndiye aliyempulizia hewa mdomoni pale chini mpaka wenzake wakamshika mabega wakamwambia basi, ndugu yetu, basi.

"Limeondoka?" mke wa Koplo alimwuliza mtabibu baada ya mazishi.

Yule mwanamke alivua miwani. "Pale chini hakuna tena kinachopumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye, binti yangu."

Chiriku anasema sasa, kidogo kidogo. Alimwambia mama yake, "Baba wa kweli ni yule aliyekuwa anakohoa." Lakini zipo nyakati za mchana, cherehani ikiwa imenyamaza, anapoinua kichwa ghafla, akaitika, "Abee, baba," akainuka kwenda chumba kisicho na mtu. Mama hukimbia kumzuia mlangoni. Angeweza kumwita tena mtabibu, asome, afukuze. Hajamwita. Hajui atakuwa anamfukuza nani.

Kwa hiyo, ukipita mtaa ule ukamwona mtoto wa kike anacheza peke yake uani, tafadhali usimwite kwa mbali. Nenda mpaka alipo, uchuchumae, akuone uso kwanza. Kisha msalimie.