Mkunga Achagua Baiskeli ya Mlimani

Kila asubuhi Mkunga alichemsha mikasi yake, akaikausha, akaifunga katika kitambaa safi na kuitia mkobani. Kisha alianza safari. Akina mama wengi aliowahudumia walikaa juu mlimani. Njia ilikuwa ya mawe na makorongo, gari halipiti. Akifika juu, pumzi imemwishia na magoti yanamlilia.

Mumewe alikuwa kinyozi, na watu wote walimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Alimwonea huruma mkewe. Siku moja alirudi akisukuma baiskeli kuukuu ya milimani. Ilipakwa rangi nyekundu inayong'aa. Ilikuwa na springi mbele na springi nyuma.

"Panda, mke wangu! Kwa hii, mawe utayasikia kwenye hadithi tu."

Mkunga alicheka, akapanda, akazunguka uani. Roho yake ilisuuzika.

Wiki hiyo hiyo aliitwa mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mwinuko, springi ya mbele ilibonyea na haikurudi juu. Tope likajaa kwenye breki ya nyuma, gurudumu likagoma kuzunguka. Mkunga alivuta, akasukuma, wapi! Akaitupa kando ya njia, akashika mkoba, akakimbia.

Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Bibi yake ndiye aliyempokea. Mama na mtoto walikuwa wazima. Lakini Mkunga alijua kwamba ilikuwa bahati tu.

"Leo mtoto amenitangulia," alimwambia mumewe. "Siku nyingine inaweza kuwa msiba."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukufurahisha."

"Najua, baba. Hebu tuichukue baiskeli kule njiani, twende nayo kwa dada yako."

Dada yake Kinyozi alikuwa fundi wa baiskeli. Karakana yake ilinuka grisi na mpira. Aliizunguka ile baiskeli nyekundu, kisha akaangua kicheko.

"Kaka, kichwa cha mtu unakikagua mpaka kisogoni. Baiskeli umeangalia rangi tu?"

"Nicheke, dada, lakini tufundishe."

"Haya, wifi, sogea hapa," alisema fundi. "Springi za zamani kama hizi zina mpira ndani. Mpira umezeeka, umekauka. Spea zake siku hizi hazipatikani. Ukinunua baiskeli kuukuu, chukua yenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, wa chuma kitupu. Hauna cha kuharibika."

"Na hii breki?"

"Angalia ilipofungwa. Iko chini ya fremu, karibu na pedali. Tope lote la gurudumu linaishia hapo. Tafuta breki inayobana rimu kutoka juu, unaiona na kuisafisha kwa kidole."

Alishika kiti akajaribu kukizungusha. Hakikutikisika.

"Bomba la kiti limeganda kwa kutu. Huwezi kukipandisha wala kukishusha. Ukikuta hivi, iache hapo hapo."

"Basi rangi mpya ndiyo iliyonipumbaza," alisema Kinyozi.

"Rangi mpya huficha nyufa, kaka. Pitisha kucha hapa, chini ya usukani, mabomba yanapoungana. Kucha ikinasa, huenda fremu imepasuka. Ikikatika mteremkoni, utampoteza mke."

Mkunga aliinama chini ya usukani. Alipitisha kucha mwenyewe, taratibu, mara kadhaa, mpaka mkono ukaizoea kazi.

Jumamosi wote watatu walikwenda sokoni kwa wauza baiskeli za mtumba. Fundi alimnong'oneza wifi yake, "Leo mimi bubu. Chagua wewe."

Muuzaji alimletea baiskeli ya bluu. "Mama, hii ni mashine! Haijawahi kuanguka."

Mkunga alichuchumaa. Akapitisha kucha chini ya usukani. Ikanasa.

"Hapa pana ufa, ndugu yangu."

"Ni mkwaruzo tu, mama."

"Mkwaruzo haupiti chini ya rangi. Nionyeshe nyingine."

Alikataa ya pili kwa sababu kiti kilikuwa kimeganda. Kwenye kona, nyuma ya mageti kuukuu ya chuma, aliona moja ya kijivu, imefubaa, haina mvuto. Uma wake ulikuwa wa chuma kitupu. Breki zilibana rimu. Kiti kilizunguka. Aliinua gurudumu, akalizungusha: likaenda sawa, bila kuyumba. Aliuliza saizi ya tairi. Ilikuwa ile inayouzwa kila duka.

"Naichukua hii," alisema.

Fundi alishindwa kuendelea kuwa bubu. "Huyo ndiye wifi yangu!" alipiga kelele, mpaka watu wakageuka. Kinyozi aliisukuma baiskeli ile ya kijivu katikati ya soko, kifua mbele, kama anayemsindikiza bibi harusi. Nyumbani, fundi alibadilisha raba za breki, akatia grisi.

Haikupita muda, wito ukaja kutoka nyumba ya mwisho kabisa mlimani. Mkunga alikanyaga pedali. Mawe yalimrusha, tope lilimrukia, lakini magurudumu hayakusimama. Alifika kichwa cha mtoto kikiwa ndiyo kwanza kimetokeza, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Mkunga aliingiza vidole, akailegeza kamba, akaivusha juu ya kichwa. Mtoto akateleza mikononi mwake. Kisha mtoto akalia, kwa sauti ya kugombana na dunia nzima.

Bibi wa mtoto alimtazama Mkunga aliyetapakaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu, tumekuita sasa hivi tu. Umepaa?"

Mkunga alimweka mtoto kifuani pa mama yake, akanyoosha mgongo na kutabasamu.

"Sikupaa, bibi. Nimepanda."